Joto Chini ya Zulia la Bibi

Nyumba za wafanyakazi wa chuo zilikuwa nyuma ya maktaba, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Katika nyumba ya mwisho aliishi Dereva na mkewe, Mpishi wa kantini ya chuo. Waliishi pia na Bibi, mama yake Dereva. Bibi hakuweza kutembea bila kushikwa. Kila siku alikaa ukingoni mwa kitanda chake, miguu juu ya zulia, akiwatazama wapita njia dirishani na kuwasema mmoja mmoja.

Dereva alikuwa na gari la umeme. Lilikuwa zuri, halina kelele, halinywi petroli. Shida yake ilikuwa moja, kulichaji. Chuo kizima kilikuwa na mashine mbili tu za kuchajia magari, mbele ya ofisi kuu. Wakubwa wa ofisi waliegesha hapo asubuhi na kuondoka jioni. Gari likishajaa, nani angethubutu kumwambia mkubwa aliondoe?

Dereva akachoka kuzunguka. Akanunua waya mrefu wa ekstensheni. Akauchomeka kwenye soketi ya chumbani kwa Bibi, akaupitisha dirishani mpaka kwenye gari. Watu wa mtaa ule waliita kazi hiyo kunyonyesha gari. Kila alasiri Dereva alinyonyesha gari lake, akaenda zake kupumzika.

Sasa tuje kwa Mpishi. Huyu mama alikuwa msafi kupita kiasi. Kijiko kikilala upande, hana raha. Waya ule ulikuwa mrefu kuliko haja, na ulizagaa sakafuni. Mpishi akaukunja vizuri, duara juu ya duara, akaufunga kwa kamba. Kisha akausukuma chini ya zulia la Bibi ili mtu asijikwae. Chumba kikapendeza.

Baada ya muda, Bibi akaanza kusifu. Miguu yake ilikuwa na baridi miaka nenda rudi, na mkwe wake alimkanda kwa mafuta kila jioni bila mafanikio. Sasa akasema miguu ina joto, hasa alasiri. Mpishi alifurahi mno. Aliwaambia wenzake wa jikoni kwamba mafuta yamefanya kazi, na wengine wakamwomba awagawie kidogo.

Usicheke, msomaji. Wewe ungejuaje?

Alasiri moja alikuja jirani yao, mwanamke aliyefundisha ufundi wa umeme pale chuoni. Wote walimwita Mwalimu Volti, hata mbele yake. Chuo kilitaka kuongeza mashine za kuchajia, naye alikuwa kwenye kamati. Alishangaa kwamba hakuna mtu wa nyumba za wafanyakazi aliyeomba mashine. Dereva alikuwa amelala chumba cha pili, kwa hiyo Mwalimu akaingia kwanza kumsalimia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Mwalimu alivua viatu, akakaa kitandani, akaweka miguu juu ya zulia. Alianza kueleza habari za kamati. Katikati ya sentensi akanyamaza.

"Bibi, hapa chini kuna nini?"

"Dawa," Bibi akajibu kwa fahari. "Mafuta ya mkwe wangu yameingia mpaka kwenye zulia."

Mwalimu hakucheka. Aliinama akashika zulia kwa kiganja, akakiondoa haraka. Alimwinua Bibi miguu yote miwili na kuiweka kitandani. Kisha akamwita Mpishi, aliyekuwa uani, akamwambia azime soketi na kuchomoa plagi sasa hivi, maswali baadaye.

Walipofunua zulia, Mpishi alipigwa na butwaa. Ngozi ya waya ilikuwa imelainika, duara zimegandana kama ubuyu. Upande wa chini wa zulia ulikuwa umeungua, mweusi katikati. Harufu kali ikapanda. Shuka la Bibi lilikuwa linaning'inia hapohapo, na shuka hilo lilitandikwa juu ya godoro la sponji. Juu ya godoro alikuwa Bibi, ambaye hawezi kukimbia.

Mpishi akaiona kamba aliyoifunga mwenyewe. Akakaa sakafuni. Aliitazama mikono yake kama si yake.

Dereva akatokea mlangoni, amenuna, akiuliza nani amekata umeme wa gari lake; simu yake ilikuwa imemwarifu. Aliona zulia. Akamwona mama yake. Akaenda kusimama kando yake.

"Nilikuwa napanga tu," Mpishi akasema. "Nilitaka chumba kiwe safi."

Mwalimu alikaa karibu naye. "Waya ukipitisha umeme hupata joto. Ukiwa umenyooka, joto linatoka. Wewe uliukunja, ukaufunika."

"Kama sufuria niliyoifunika," Mpishi akasema polepole.

"Ndiyo. Joto halikuwa na pa kutokea."

Dereva akauliza kwa sauti ndogo mbona simu huchajiwa kwenye soketi hiyohiyo na haiunguzi kitu. Mwalimu akamweleza kwamba simu huchota umeme kidogo sana. Gari huchota mwingi, tena kwa saa nyingi bila kupumzika. Ekstensheni ya nyumbani haikutengenezwa kwa mzigo huo, hata ikinyooshwa. Gari linataka mashine yake na waya wake mnene. Linataka pia swichi inayokata umeme yenyewe hatari ikitokea.

"Kwa nini hamkuomba mashine?" akauliza.

"Tuliona tuna umeme wetu," Dereva akajibu.

Walitoka kugonga milango ya majirani. Huko ndiko walikopata mshtuko wa pili. Karibu kila nyumba ilinyonyesha gari au pikipiki ya umeme kwa dirisha. Waya mmoja ulipita chini ya godoro la watoto. Mwingine ulipita bafuni, kando ya bomba linalovuja. Mwalimu mwenyewe alishika kichwa. Aliishi nao ukuta kwa ukuta, na hakujua nyaya zile zinapita wapi ndani.

Kamati ilipokutana, wakubwa walikuwa wameshachora mashine zote mpya mbele ya ofisi. Mpishi, aliyeletwa na Mwalimu, hakuzoea mikutano. Alikunjua zulia lililoungua juu ya meza, palepale juu ya michoro yao.

"Mama mkwe wangu alikuwa anaweka miguu hapa," akasema, akaonyesha pale peusi.

Wakubwa wakainama kulitazama. Kisha mkubwa mmoja akachukua kalamu na kuuliza nyumba za wafanyakazi ziko upande gani.

Leo mashine mpya zimesimama kando ya nyumba zile, chini ya paa, nyaya zake zimefukiwa ardhini. Gari likijaa, mwenyewe huliondoa ampishe mwingine, awe mkubwa au mdogo. Madirisha hayapitishi waya tena.

Bibi amenunuliwa zulia jipya na soksi nene. Lakini miguu imerudia baridi yake. Analalamika asubuhi, analalamika alasiri. Anasema mafuta ya siku hizi hayana nguvu.

Kila anapolalamika, Mpishi huinama, hugusa zulia kwa kiganja, na kulikuta la baridi. Halafu humkumbatia mama mkwe wake, na Bibi huuliza kuna nini cha kufurahia.