Mtani wa Roccaspina

Siku ile mjinga alikuwa Shekuwe wa Siu, na tusihangaike kumtafuta mwingine. Wanaomsifu husema alikuwa shujaa. Shujaa alikuwa kweli, lakini baada ya adhuhuri. Asubuhi yake alikuwa mjinga mtupu, mjinga wa kukimbia na beberu wa watu mabegani huku mishale ikimpita masikioni.

Zilikuwa zama ambazo merikebu za Wareno hazijaonekana bado katika maji yetu, na pembe za ndovu za Uswahilini zilisafiri mbali kuliko wenye kuziuza. Jambo hilo lilimkera Shekuwe. Alikuwa fundi wa kuchonga vitana vya pembe, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, ijapokuwa dunia ilikwisha kumpiga makofi ya kutosha: Adeni alinusurika kuzama, Misri aliibiwa, na Aleksandria aliugua hata watu wakampimia sanda. Kila alipoinuka alisema, "Bado sijaona pembe zangu zinaishia wapi," akajikaza, akaendelea na safari. Hivyo ndivyo alivyotokea katika vilima vya Italia, kilemba cha hariri kichwani, makubadhi miguuni, upanga wa Siu ubavuni, akizungusha vitana vyake kutoka ngome hadi ngome.

Mwenzake wa njia alikuwa Lapo, mwenye nyumbu, mzaliwa wa vilima vile vile, mnene wa shingo na mwepesi wa ulimi. Walijuana bandarini Aleksandria, alikokuwa Lapo akipakia shehena, na huko ndiko alikomfundisha Shekuwe lugha ya kwao: matusi kwanza, salamu baadaye.

Lo, ngome alizoziona! Moja ilikaa juu ya jabali kama jino la mwisho katika ufizi wa kikongwe. Wageni walivutwa juu kwa kapu na kamba, na Shekuwe alipanda akicheka huku Lapo akisoma sala zote alizozijua, nyingine akizitunga palepale. Nyingine ilikuwa na ngazi za mzunguko zilizopindia kuume, ili adui anayepanda abanwe mkono wa upanga na ukuta, na mwenyeji anayeshuka apate nafasi ya kumkata. Shekuwe akazipanda akijifanya adui, akazishuka akijifanya mwenyeji, akajiua na kujishinda mara kadhaa, hata bwana wa ngome akaacha chakula chake akaja kutazama. Na vilikuwako vijiji visivyojengewa ukuta, kwani migongo ya nyumba ndiyo ukuta wenyewe, zimeshikana bega kwa bega kama waumini safuni. Vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hata nyumbu hapiti mpaka ashushwe mzigo.

Shekuwe, aliyelelewa Siu, mji wa mawe ya matumbawe, alikuwa akizigonga kuta hizo kwa vifundo vya vidole na kutega sikio kama mnunuzi wa mitungi.

"Mawe yote haya!" alisema. "Simba hamna, ndovu hamna. Mnamwogopa nani, ndugu yangu?"

"Jirani," Lapo akajibu.

"Jirani yupi?"

Lapo akanyoosha kidole kwenye kilima cha pili chenye mnara wake. "Yule pale. Naye anatuogopa sisi."

Ngome ya mwisho katika safari yao ilikuwa Roccaspina, kijiji cha kina Lapo, kilichojikunja juu ya kilima kama chatu aliyeshiba. Funguo za lango zilikaa kiunoni mwa mama yake, Monna Piera. "Monna" ndivyo watu wa huko walivyomwita mwanamke mwenye heshima zake. Mumewe alikuwa mlinzi wa lango. Alipokufa hakuna mwanamume aliyethubutu kwenda kumwomba mjane zile funguo, zikabaki pale pale.

Walipotokeza ukingoni mwa bonde asubuhi ile, Lapo akasimama ghafla. Chini ya kijiji palijaa mahema.

"Watu wa Montebruno, wale majirani," alisema. "Wamekuja tena. Bwana wao Uguccione anasema Roccaspina ni mali yake. Akituweza, atatuhamisha sote tukalime mabonde yake, na nyumba zetu awape askari wake. Ngoja hapa. Nawaficha nyumbu, kisha tutatafuta njia ya kumfikia mama. Usitembee, Shekuwe. Usiseme. Ukiweza, usipumue."

Akaenda. Shekuwe akabaki nyuma ya kichaka, akachungulia, na alichokiona kikamfanya atabasamu.

Watu wa Montebruno walikuwa wakishindana mbio za punda chini ya ukuta, nao wamevaa sketi za wanawake. Pembeni palisimama teo kubwa la mbao, refu kama mnazi, la kurushia mawe. Lakini siku ile hawakulitia jiwe. Walilitia punda aliyekufa, wamemvika kofia ya kiaskofu, wakamrusha juu ya ukuta hadi kijijini, wakashangilia. Juu ya ukuta wanawake wa Roccaspina wakajibu kwa matusi ya kupokezana, kila moja na kibwagizo chake, na askari wa chini nao wakashikana mbavu kwa kucheka.

Hiyo ilikuwa desturi ya vita ya nchi ile: ukiuzingira mji wa adui, sharti umfedheheshe kwanza. Lakini Shekuwe alijuaje? Kwao, watu wakitukanana hivyo hadharani na kucheka, jina lao ni moja tu.

"Kumbe hawa ni watani!" akasema moyoni. "Na Lapo maskini ananuna bure. Mtu akikosa utani hunenepa shingo."

Kwao mtani hutukana hata msibani, na hakuna wa kumkasirikia. Kwao mtani akiingia uani akakuta mbuzi amenona, humfungua akaenda naye, na mwenye mbuzi akikunja uso ndiye anayeaibika. Naye Shekuwe alikuwa mgeni wa Roccaspina. Basi kumbe ana haki zake!

Akakipiga kilemba chake vumbi, akashuka bondeni akiimba.

Mbele ya hema kubwa alifungwa beberu mweupe mwenye pembe zilizopakwa dhahabu na njuga shingoni, fahari ya Montebruno, aliyetangulia mbele ya jeshi kila liendapo vitani. Askari walipomwona mgeni mweusi wa kilemba akija kwa madaha namna ile, walidhani ni balozi wa sultani fulani, wakampisha. Uguccione mwenyewe akatoka hemani, mrefu, ndevu zimechanwa vizuri, deraya ya chuma inang'aa mwilini.

"Amani kwako, bwana," Shekuwe akasema kwa lugha ile aliyofundishwa na Lapo. "Mimi ni mgeni wa Monna Piera. Mbio zenu nimezitazama. Punda wanakimbia vizuri, ila waliowapanda ndio wenye sura ya kupandwa."

Akamfungua beberu, akamtia mabegani, akageuka kwenda zake.

Mbio za punda zikasimama. Hata teo liliacha kulia kamba zake. Shekuwe akangoja vicheko, ndipo mshale wa kwanza ulipopita na ncha ya kilemba chake.

"Mbona...?" alisema, halafu miguu ikaelewa kabla ya kichwa.

Alipanda kile kilima kama mtu anayedaiwa na jini. Njuga zinalia, beberu anapiga kelele, makubadhi yameruka moja huku moja huku. Lapo alimwona kutoka alikojificha, akashika kichwa, kisha naye akatoka mbio akimfuata, kwani sasa hakukuwa na siri ya kulinda. Langoni kulikuwa na kijilango cha mtu mmoja. Kikafunguka, mkono wa mwanamke ukawanyakua wote watatu mmoja mmoja, kikafungwa, na mishale ikajibandika mbaoni kwa nje.

"Lapo," alisema Monna Piera, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kunguru, "nilikwambia ulete chumvi."

"Mama, huyu ni rafiki yangu Shekuwe."

"Namwona. Na yule mwenye pembe?"

Shekuwe akaanza kueleza habari za utani, akihema. Kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso za watu zilivyozidi kurefuka. Mwisho mzee mmoja akauliza kama huko kwao watu wa namna hii hufungwa kamba au huachwa watembee.

"Mgeni," Monna Piera akasema taratibu, "wale wamekuja kututoa katika nyumba zetu. Wanatucheka kwa sababu wanajua birika letu la maji ya mvua linakauka. Wangetungoja tu, bila kutokwa jasho, na wiki hii tungefungua lango wenyewe kwa kiu. Ndiyo vita yao. Unaelewa?"

"Naelewa, mama." Shekuwe aliangalia chini. Kisha kidogo kidogo akainua uso. "Wangengoja?"

"Wangengoja."

"Sasa hivi wanangoja?"

Wakakimbilia ukutani. Chini kule hapakuwa na aliyekuwa akingoja. Uguccione alikuwa akipiga kelele hata mishipa ya shingo ikaonekana kutoka juu. Mafundi walikuwa bado wakichonga ngazi, naye akawanyang'anya hivyo hivyo, fupi na mbichi. Beberu wake, mbele ya macho ya jeshi lake! Jua lilikuwa utosini, deraya zimekwisha kuwa vikaango, na jeshi zima likaanza kupanda upande wa mwinuko mkali, kwa hasira ya mtu mmoja.

Monna Piera akamtazama Shekuwe kwa namna mpya. "Unajua kushika upanga, au vitana tu?"

"Vyote viwili, mama. Na huwa sichanganyi."

Wakaja. Ngazi zilifika ukutani na kuishia chini ya ukingo kwa urefu wa mtu, na waliopanda wakabaki wametundikwa huko, hawana pa kwenda, wakipokea mawe. Lakini langoni mashoka yalilia, ubao ukapasuka, na askari wakajimwaga ndani. Walijikuta katika kichochoro ambacho hata nyumbu hupita kwa kuomba radhi. Hapo alisimama Shekuwe, pekupeku, kanzu ameipandisha kiunoni, upanga wa Siu ukicheza mkononi mwake. Nyuma yake Lapo alikuwa na mti wa kufungia mizigo.

"Karibuni!" Shekuwe akapaza sauti. "Mmoja mmoja tafadhali, nyumba ni ndogo!"

Wa kwanza akaja na mkuki, ukakatwa katikati. Wa pili akamkwaa wa kwanza. Wa tatu alikuwa jitu la haja, akamsukuma Shekuwe kwa ngao hata akaona nyota mchana, naye Lapo akauzungusha mti wake, kishindo kikasikika hadi kanisani. Lakini waliokuwa nyuma walizidi kuwasukuma wa mbele, na hatua kwa hatua marafiki wawili wakarudi nyuma. Mkono wa Shekuwe ulikuwa unavuja damu. Hakuwa na mzaha tena mdomoni, na hiyo ndiyo dalili kwamba mambo yalikuwa mabaya.

Ndipo sauti ya Monna Piera ikatoka juu ya paa: "Lapo! Jifunike!"

Wanawake wa Roccaspina walikuwa wameipandisha mizinga ya nyuki juu ya mapaa. Ikaporomoka kichochoroni, mmoja baada ya mwingine, ikapasuka juu ya chapeo za chuma. Deraya huzuia mshale. Nyuki habishi hodi. Waliingia shingoni, wakaingia kwapani, wakaingia mahali ambapo hadithi ya heshima haipataji. Mashujaa wa Montebruno wakatupa ngao, wakatupa panga, wakarudi mbio kwa lango lile lile, na huko mteremkoni wakabingirika kama magunia.

Uguccione, aliyekuwa katikati ya msongamano, alivua chapeo ili ajipige usoni, akakanyagwa na watu wake, akabaki chini. Lapo akamfikia, akaokota shoka.

"Hapana," Shekuwe akasema, akaushika mpini wa shoka. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa kuumwa na nyuki.

"Niache! Angewatupa watu wetu mabondeni!"

"Ukimwua, wanawe watakuja kulipiza, nao watajua kungoja. Mtu aliyechinjwa hufuatwa, Lapo. Aliyechekwa atafuatwa na nani? Hebu niachie huyu. Mimi ndiye mtani wake."

Akaagiza unga. Akamkalisha Uguccione juu ya kizingiti kilichovunjika, akammwagia mfuko mzima kichwani, taratibu, kama anayemtawaza. Kisha wakampandisha ukutani ili jeshi lake limwone.

Walimwona. Bwana wao alikuwa hai, mweupe pe, uso umevimba kama andazi. Kisha huko chini askari mmoja, aliyevimba midomo hata hawezi kuifunga, akatoa sauti kama ya bata. Alikuwa anacheka. Wa pili akadakia, wa tatu, na bonde zima likaangua kicheko. Wengi wao walikuwa wakulima, zabibu zao zilikuwa zinaiva bila mchumaji, na hakuna aliyependa kufa kwa ajili ya mtu aliyefanana na mkate usiookwa. Wakaanza kung'oa mahema.

"Sasa apishwe aende," Shekuwe akasema. "Mtani akishachekwa, deni limekwisha."

Lakini Uguccione hakuondoka. Alijipangusa unga machoni, akasimama wima kwa heshima iliyombakia, akamwelekea Monna Piera mbele ya kijiji chote.

"Mwanamke," alisema, "leo umenishinda kwa wadudu na kwa mwendawazimu. Lakini haki haipotei kwa nyuki. Kijiji hiki ni changu. Ukuta huu unaoukanyaga aliujenga babu yangu, kwa jasho lake, jiwe kwa jiwe, kabla mumeo hajazaliwa. Kanusha basi, kama waweza!"

Watu wakatazamana, kwa maana wazee walijua kwamba hakusema uongo.

Monna Piera akauweka mkono kwenye ukingo wa ukuta, akaupapasa.

"Ni kweli, aliujenga babu yako," akasema. "Na Mungu amrehemu, aliujenga vizuri: hata mjukuu wake hakuuweza."