Kiapo cha Binti wa Seremala

Niliyoyaona kwa macho yangu nitayasema. Niliyosimuliwa na majirani, nitasema nimesimuliwa.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Mimi ni dobi, na asubuhi hiyo nilikuwa napiga pasi mashati meupe ya wahudumu wa hoteli huku redio ikipayuka. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaingia na bahasha ya kaki kwapani, akakaa juu ya furushi la mashuka bila kuniuliza.

"Leo unafunga mapema," akasema. "Nataka shahidi."

"Wa harusi?"

"Kwa sura hiyo? Twende nyumbani kwa baba."

Baba yake alikuwa seremala. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, na karakana uani. Alifariki miaka mitatu nyuma, dada akiwa mbali kikazi. Alipofika alikuta baba yake mdogo na shangazi yake wameshazika, na jeneza halikufunguliwa, eti ugonjwa ulikuwa mbaya. Wiki hiyohiyo wakahamia ndani. Yeye ndiye mtoto pekee, lakini kila alipouliza habari ya nyumba aliambiwa, "Vuta subira, mwanangu, bado tuna majonzi." Majonzi ya miaka mitatu, na mapazia mapya!

Wakili aliyemwendea, mama mmoja mkavu wa maneno, alimwambia mambo mawili. Kwanza, akaorodheshe vilivyomo ndani ya nyumba. Pili, arudi Alhamisi kula kiapo kwamba baba yake amekufa na yeye ndiye mrithi. Bila kiapo hicho hakuna kesi.

Dada alikuwa bado anasitasita. Kumburuza mahakamani baba mdogo aliyekubeba mabegani utotoni si jambo la kukurupukia. Alitaka kwanza waongee kama ndugu.

Tulifika saa sita, jua la utosi. Baba mdogo akatufungulia, meno yote nje. Sebuleni palikuwa na viti vipya sita, vimepigwa msasa mpaka vinateleza kama ngozi ya mtu.

"Viti vizuri, baba mdogo," dada akasema. "Fundi gani huyo?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu. Kazi ya mikono."

Dada akanitupia jicho. Mzee huyo alikuwa karani wa ghala maisha yake yote. Hata msumari alikuwa anaushika kama anashika nge.

Halafu ikanifikia ile harufu. Udobi umenifundisha harufu. Najua jasho la kazi na jasho la homa. Hii ilikuwa ya nguo mbichi iliyofungiwa kwenye mfuko wiki nzima, na chini yake kitu kitamu, kama mafuta yaliyochacha. Ikanikaa ulimini. Nikameza mate, nikajuta kuyameza.

Shangazi mtu alikuwa mezani na sahani ya wali. Alikuwa anatafuna polepole, kwa bidii, mashavu yametuna. Lakini hakumeza. Aliinama, akatema tonge lote ndani ya bakuli. Uzi wa mate ukaning'inia kidevuni. Akaufuta kwa kidole, akaupangusia ukingoni mwa bakuli, usipotee. Akatia tonge jingine mdomoni.

"Shangazi, unaumwa?" dada akauliza.

"Mimi mzima kabisa, mama. Asiye na meno ni yeye."

"Yeye nani?"

Shangazi alinyanyuka na bakuli lake, akashika ukumbi mwembamba kuelekea chumba cha mwisho. Dada akamfuata. Nami nikamfuata dada. Nilitegemea baba mdogo atuzuie.

Hakutuzuia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi, mwanga umejaa tele. Kitanda hakikuwepo. Mbao zilipangwa ukutani, na sakafuni, akitupa mgongo, alichuchumaa mtu. Alikuwa anasugua ubao. Hakushika msasa. Alikuwa anasugua kwa viganja vyake.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kucha zilikuwa zimejikunja kama maganda ya machungwa. Ngozi ya mgongo ilikuwa nyeupe, imerojeka, kama vidole vilivyokaa siku nzima kwenye maji ya sabuni. Shangazi akaliweka bakuli chini, akampigia ulimi kama anamwita kuku.

"Baba," dada akanong'ona.

Mikono ikasimama.

Hakugeuka. Shingo ilijaribu, ikatetemeka, ikashindwa. Kisha mikono ikaendelea.

Kwaru. Kwaru.

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu. Pumzi yake ilinigusa sikio alipoinama kumnong'oneza dada.

"Nenda mahakamani, mwanangu. Utaapa nini? Kwamba amekufa? Si umemwona?"

Kisha, kwa sauti ya upole kabisa: "Na ukiitaka nyumba, chukua na vilivyomo. Kulisha kutakuwa juu yako."

Dada alitapikia barazani. Mimi niliwahi kufika barabarani.

Msiniulize kwa nini hatukwenda polisi. Tulikwenda. Saa tisa tulirudi na askari wawili. Chumba kilikuwa kitupu, kimepigwa deki, na shangazi akawakaribisha chai. Askari mmoja alivisifia viti. Akavikalia.

Jumatano kutwa nzima dada alishinda kibandani kwangu, hali, hanywi. Bahasha ilikuwa mapajani mwake.

"Achana nao," nikamwambia. "Nyumba gani ya kuifia hiyo? Waachie."

"Nyumba sina haja nayo tena." Alikuwa anakwangua kiganja chake kwa ukucha bila kujua. "Nikiapa amekufa, ni kama namuua kwa mdomo wangu. Nisipoapa, wataendelea kumlisha mate yao. Mpaka lini?"

Nilimpa maji. Aliyanusa, akayarudisha.

Alhamisi saa nne tulikuwa mbele ya wakili. Dada alisimama, akainua mkono. Sauti haikutetemeka.

"Naapa kwamba baba yangu mzazi amekufa." Kisha akaongeza maneno yasiyokuwa kwenye karatasi. "Amekufa, na hakuna mwenye haki ya kumtuma kazi. Pumzika, baba."

Akatia sahihi.

Majirani wa nyumba ile ndio walionisimulia kilichotokea saa hiyohiyo. Wanasema walimwona shangazi akitoka mbio, ameziba mdomo kwa mikono miwili, na wali mweupe, uliokwisha kutafunwa, ukimtoka katikati ya vidole, hauishi. Baba mdogo alimfuata bila viatu. Sufuria waliiacha jikoni inaungua. Hawajaonekana mpaka leo, na kesi haikupata mpinzani. Nyumba ni ya dada. Ameifunga, hakai ndani, hapangishi.

Lakini lipo jambo moja. Siku ile wakili alipoivuta karatasi aigonge muhuri, chini ya sahihi ya dada palikuwa na alama ya dole gumba. Ya mafuta, pana, mistari yake imesagika. Hapo ofisini tulikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa ameigusa karatasi zaidi ya dada na kalamu. Wakili akachapa nyingine. Dada akasaini upya. Alama ikachomoza polepole, tukiiangalia. Ya tatu wakaiacha, ikaenda mahakamani hivyohivyo.

Mwezi uliopita nilitumwa masjala ya mahakama kufuata nakala ya kiapo. Karani hakulitoa faili kabatini. Ameliweka peke yake dirishani, kwa sababu ya inzi. Akalifungua kwa ncha ya rula, uso ameugeuzia pembeni.

Sijui nini kilinituma. Niliigusa ile alama.

Ilikuwa bado majimaji, na ilikuwa na joto.

Siku hiyo nilikula kwa mkono wa kushoto.