Koti la Severo

Jua lilikuwa linazama Nicanor alipoingia yadi ya reli ya Chuquipampa, koti la rafiki yake kwapani.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Severo abanwe kati ya mabehewa mawili wakati akiyaunganisha. Mbavu zilianza kuunga. Lakini hasemi. Hali chakula mpaka alishwe. Macho darini tu.

"Roho yake imebaki pale alipobanwa," mkewe, Basilia, alikuwa amemnong'oneza Nicanor. "Wewe ulikuwa naye. Tandika koti, mwite. Likiwa zito, lilete. Na usigeuke nyuma, shemeji."

Nicanor hakukataa. Mkono uliompa dereva wa treni ishara ya kusogea siku ile ulikuwa wake.

Alimwaga pombe kidogo chini, akaweka majani ya koka kama sadaka, akatandika koti katikati ya reli. Harufu ya grisi na chuma baridi ilimkaba.

"Severo... njoo nyumbani."

Upepo.

"Twende, bwana. Basilia anakungoja."

Mnyororo wa behewa ukalia. Kling... kling...

"Na mimi?"

Sauti ilitoka chini ya behewa. Nyingine ikafuata, mbali kidogo. "Na mimi je, ndugu yangu?" Kisha reli nzima ikaanza kunong'ona, sauti za wanaume, mmoja akikohoa, mmoja akimwita mama yake.

Koti likawa zito ghafla, kama mtoto aliyelala. Nicanor akalikumbatia, akatimua mbio.

"Nicanor..."

Hii aliijua.

"Nicanor, huyo siye mimi."

Akajiambia ni hila. Hakugeuka. Alikwenda huku machozi yakimtoka.

Nyumbani, Basilia alimfunika mumewe lile koti. Mgonjwa akavuta pumzi ndefu.

"Nina njaa," alisema.

Basilia akacheka na kulia kwa pamoja, akakimbilia bakuli la supu.

"Mama, wewe ni nani?" mgonjwa akauliza kwa upole. "Hortensia wangu yuko wapi?"

Bakuli likamponyoka.

Nicanor akashika ukuta. Hortensia alikuwa mjane wa Crisólogo, mwenzao wa yadini aliyesagwa kwenye njia ileile miaka sita iliyopita.

Kesho yake magharibi Nicanor alirudi yadini, akamwita Severo mpaka koo likakauka. Hakuna aliyejibu.

Jumapili Hortensia alikuja. Akakaa upande wa pili wa kitanda. Basilia hakumfukuza. Aliendelea kumlisha yule mgeni, kijiko baada ya kijiko, maana mwili ule bado ulikuwa wa mumewe.