Mlango wa Abiria

Mwizi alikuwa na magari mia tatu ya kuchagua, akachagua bovu kuliko yote.

Inspekta Burul alisimama mbele ya nafasi tupu katika soko la magari, mikono ndani ya mifuko ya koti. Kushoto kulikuwa na gari la Kijapani linalong'aa kama sufuria mpya. Kulia kulikuwa na jingine, jipya zaidi. Katikati, pale lilipokuwa limeegeshwa gari jeupe la Kijerumani lililomzidi umri Sajini Ermek, palibaki doa la oili kwenye barafu. Na furushi.

"Hili nalo nini?" aliuliza Burul.

Ermek alichuchumaa, akavaa glovu. Kava mpya za viti, zimekunjwa kwa mistari kama shuka za hospitali. Kava ya usukani. Kapeti za miguuni. Raba mpya za pedali. Kile kikaratasi chenye harufu ya limau kinachoning'inizwa kwenye kioo. Juu ya vyote, jiwe, upepo usivipeperushe.

"Mwizi mwenye adabu, afande," alisema Ermek. "Kaiba ng'ombe, kamba karudisha."

Burul hakucheka. Miaka yote aliyofuata wezi katika masoko ya Bishkek, alikuwa hajawahi kumwona anayekunja.

Nyuma yao alisimama mwanamke kijana, mtoto wa kike amefungwa blanketi kifuani mwake. Aliitwa Meerim. Ndiye aliyepiga simu polisi.

"Gari ni langu, afande. Nililipa jana jioni. Rysbek akaniambia niliache, aliogeshe, nije asubuhi. Nimekuja, nimekuta jiwe."

"Ulilinunua la nini?"

"Kupakia abiria. Kijijini hadi mjini, na kurudi. Niliuza ng'ombe wetu wote." Alimvuta mtoto karibu zaidi. "Baba yake alikwenda Moscow, akatusahau hukohuko. Gari lisipopatikana, na mimi naenda huko kufagia ngazi za watu, huyu namwacha. Nikirudi atakuwa ananiita shangazi."

Rysbek, dalali mwenye kofia ya ngozi, alitema maganda ya mbegu za alizeti.

"Dada, ulilipa, likawa lako. Limeibiwa likiwa lako. Mimi naingiaje?"

"Liliibiwa uwanjani kwako, wewe!"

"Uwanja ni wa soko. Mimi mpangaji tu."

"Nyamazeni wote," alisema Burul.

Hapakuwa na dalili ya mlango kuvunjwa. Hakuna kipande cha kioo wala waya kwenye barafu. Mtu alikuja na ufunguo, akawasha, akaondoka zake.

Mlinzi wa geti, Osmon, alikuwa ananywa chai kwenye kibanda chake.

"Niliwaona, mama," alimwambia Burul. "Alfajiri, wauzaji wanaingia, ukungu mzito kama maziwa. Gari jeupe likatoka. Nikadhani mtu kanunua, anawahi nyumbani."

"Umesema uliwaona. Walikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Una hakika?"

"Dereva alisimama hapo nje ya geti. Akashuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia mwenzake mlango. Akasubiri. Halafu akaufunga polepole, hivi." Osmon alisukuma hewa kwa viganja viwili. "Kama anamfungia mgonjwa."

"Huyo mwenzake, mwanamume au mwanamke?"

"Sikumwona sura. Ukungu, nimekwambia."

"Mwili je? Koti? Kofia?"

Osmon alikuna kidevu. "Sasa ukiniuliza hivyo... mtu mwenyewe sikumwona. Lakini mama, nani anamfungulia mlango mtu ambaye hayupo?"

"Genge," alisema Ermek walipotoka. "Mmoja anaendesha, mmoja kigogo. Kigogo ndiye anayefunguliwa mlango."

"Kigogo gani anapanda gari lile?"

Ermek alifikiri. "Kigogo aliyefilisika."

Safari hii Burul alitabasamu kidogo. Kisha akarudi kwenye kontena lililokuwa ofisi ya Rysbek, akaweka raba za pedali mezani. Meerim alisimama mlangoni.

"Rysbek, gari lilikuwa na kilometa ngapi?"

"Laki moja na nusu. Mita inasema yenyewe."

"Mita husema inachoambiwa. Hizi nani alizifunga?"

"Mimi. Urembo. Mteja anapenda vitu vipya."

"Za zamani zilikuwaje?"

"Zimechakaa kidogo."

"Zilikuwa zimelika hadi chuma. Ndiyo maana ukanunua mpya. Usukani ulikuwa mweupe kwa jasho, ndiyo maana ukauvisha. Kiti kilikuwa kimebonyea, ukakifunika. Gari la laki moja na nusu halichakai hivyo."

"Afande, madereva wengine wana miguu mizito."

"Na mbona hukupiga simu polisi? Limeibiwa uwanjani kwako, lakini aliyepiga ni mama mwenye mtoto. Wewe ulikuwa unakula alizeti."

Rysbek alitazama dirisha lililoganda.

"Nitakwambia kwa nini," aliendelea Burul. "Unamjua mwizi, na hutaki nizungumze naye. Alikuja na ufunguo. Alijua kipi ni cha gari na kipi umekibandika wewe. Cha kwako kakurudishia chote. Mtu wa hivyo ni mmoja tu, mwenye gari wa zamani. Jina lake."

"Mzee... sikumbuki."

"Ermek, mpeleke kituoni akakumbukie huko. Selo yetu haina moto, baridi hufungua kichwa."

"Turgunbai!" alisema Rysbek upesi. "Mzee Turgunbai, Sokuluk, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kichwa hakimkai sawa. Aliuza gari, halafu kila siku ya soko anakuja kulitazama tu, kama mtu anayezuru kaburi."

Meerim alikataa kubaki. Alipanda nyuma ya gari la polisi, mtoto amelala kifuani.

Ua la mzee Turgunbai halikuwa na mbwa wala kuku. Theluji ilikuwa nzima, isipokuwa njia moja nyembamba ya miguu ya mtu mmoja na mistari miwili ya matairi. Gari lilikuwa chini ya banda. Injini imezimwa. Mzee alikaa kwenye usukani, kofia ya manyoya kichwani, anatazama ukuta.

Alipowaona alishusha kioo.

"Karibuni. Kumradhi, sikuwasha jiko. Sikutarajia watu."

"Mzee Turgunbai, ni mimi Inspekta Burul, polisi. Gari hili umelichukua wewe?"

"Nimelichukua mimi, mwanangu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mlinzi kakuona ukimfungulia mtu mlango."

Vidole vya mzee vilisugua usukani, pale ambapo ngozi ilikuwa imekwisha.

"Ule mlango wa abiria kwa ndani haufunguki," alisema mwishowe. "Uliharibika mwaka tulioozesha binti yetu. Ningeweza kuutengeneza. Ayimkan akasema, acha, sasa utalazimika kushuka unifungulie, kama mke wa waziri. Basi nikawa nashuka. Leo asubuhi nilipotoka getini, miguu ilishuka yenyewe. Nilipozinduka nilikuwa nimeshaushika mlango. Ningefanya nini? Nikaufungua. Nikasubiri kidogo. Nikaufunga."

Ermek alivua kofia, akaivaa tena.

"Mkeo alifariki lini?" aliuliza Burul.

"Masika yaliyopita."

"Gari uliliuza kwa hiari yako?"

"Kwa hiari, ndiyo, likachinjwe spea. Nilimwambia yule kijana: gari hili limekwisha, chini pameliwa na kutu, usimwuzie mtu. Akasema, mzee, ondoa shaka. Jumamosi iliyofuata nikalikuta limepakwa lami chini, limevishwa kama bibi harusi. Nikamwambia. Akacheka. Nikamwambia mtu wa geti, akanipa chai. Jana nikamwona mama kijana anapima kiti cha mtoto kitakaa wapi." Alimwona Meerim nyuma ya inspekta, akainamisha kichwa. "Wewe. Ni wewe."

"Ni mimi," alisema Meerim. "Ulikuwa na mdomo, mzee! Si ungeniambia?"

"Nilikuja hadi karibu yako. Rysbek akasema, usimsikilize, mwehu wa soko. Ukanipa sarafu."

Meerim alifumba macho. Alikumbuka.

"Ermek," alisema Burul.

Sajini alilala kwenye theluji, akaingia chini kwa tochi na bisibisi. Walisikia akigonga. Kisha hawakusikia kugonga tena.

"Afande, bisibisi imezama yote kama kwenye mkate. Pale panaposhika gurudumu la mbele hakuna chuma, ni lami tupu. Lingeng'oka. Labda kesho, labda kwenye mteremko na abiria wanne."

Meerim alimshika mtoto kwa mikono miwili, ingawa blanketi lilikuwa limefungwa imara.

Burul alitoa kalamu. "Mzee, ulichukua gari ili kumwokoa mama huyu. Niandike hivyo?"

Mzee alitikisa kichwa.

"Usiandike hivyo, utakuwa umeniandika mwema kuliko nilivyo. Kumwokoa, ningeweza kutoboa matairi. Ningeweza kuja kwenu." Sauti yake ilipungua. "Nilitazama ile mita. Kijana kaandika laki moja na nusu. Gari lilikuwa na laki saba na ushee, mwanangu. Zile nyingine zilikuwa za mimi na Ayimkan. Viazi kupeleka Talas. Harusi. Hospitali, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Yeye kazifuta kwa kimashine cha mkononi. Basi sisi tulikwenda wapi? Nikasema nilirudishe nyumbani, hata kwa siku moja. Tangu azikwe, hakuna mtu aliyeingia kwa lango hili wala kutoka, ila mimi."

Burul aliandika. Aliandika laki saba na ushee, akamsomea mzee kwa sauti, naye akaitikia kila neno kama mtu anayeitikia dua.

"Wizi ni wizi, mzee. Utakuja kituoni, na hakimu atasema lake. Lakini kesi ya kwanza nitakayofungua leo ni ya Rysbek: udanganyifu, na kuhatarisha maisha. Gari hili ni kielelezo. Meerim, pesa yako atairudisha kabla jioni haijaingia, nitakaa naye mwenyewe hadi aihesabu."

Meerim aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa anamtazama mzee.

"Hakimu akikuachia," alisema, "utakuja sokoni kunichagulia jingine?"

"Mimi? Mwehu wa soko?"

"Mwehu huyohuyo."

Mzee alishuka. Alifunga gari lake, akampa Ermek ufunguo, akawafuata barabarani. Alipofika kwenye gari la polisi alisimama ubavuni, mikono inaning'inia, anautazama mlango wa mbele. Maisha yake yote alikuwa dereva. Upande ule hakuwahi kukaa.

Meerim alimhamishia mtoto kiunoni. Akazunguka mbele ya gari, akamfungulia. Akasubiri mzee akusanye pindo la koti lake. Kisha akaufunga, polepole.