Gome Ambalo Halijatimiza Mwaka

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili, aligeuza magome ya dawa kwenye rafu za bibi yake, mganga wa mitishamba. Kila fungu lilikuwa na kibandiko chenye tarehe ya kubanduliwa, na mwandiko wote ulikuwa wa Chiriku mwenyewe. Kwa hilo aliringa, na hakuficha.

Siku hiyo bibi alikwenda kumwona mgonjwa. Fundi cherehani wa jirani akaingia ameshika tumbo. Siku ya nne sasa hajapata choo, alieleza. Tumbo limefungwa kama duka lenye msiba.

Chiriku alimwamkia, akamsihi angoje bibi arudi.

"Kumbe maringo yote yale ni ya kuandika vibandiko tu, mwanangu," fundi akamchokoza.

Maneno yalimchoma. Akatwaa fungu la mbele la gome la kulainisha choo, akachemsha kipande, akamimina kikombe. Fundi alikuwa amekifikisha mdomoni Chiriku alipotupia jicho tarehe: lilibanduliwa miezi miwili tu iliyopita. Bibi alikwisha kumwonya mara chungu nzima kwamba gome hilo likinywewa kabla ya kukaa kavu mwaka mzima hutapisha na kusokota utumbo. Akisema, mtaa mzima utamcheka. Akinyamaza, fundi ataumia.

"Usinywe, fundi," alisema, akimpokonya kikombe. "Nimekosea. Gome hili bado changa."

Fundi alicheka mpaka tumbo likamkumbusha lililomleta.

Bibi aliporudi, Chiriku alisimulia yote bila kupunguza. Bibi alimuuliza fundi kama anatapika, ana maumivu makali au anatumia dawa nyingine. Alipokana yote, akampimia gome la mwaka juzi: kikombe kidogo kimoja kabla ya kulala, na maji mengi. Asipopata nafuu kesho, aende zahanati. Dawa hiyo si ya kila siku, akamwonya, wala si ya watoto au wajawazito.

Asubuhi fundi alipita mwepesi, akiwatangazia wateja kuwa mtaa sasa una waganga wawili.

"Mmoja na nusu," bibi alimsahihisha, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Kuchemsha gome kila mtu anaweza. Kumpokonya mtu mzima kikombe na kukiri kosa, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Usilo na hakika nalo usilitoe, na ulilokosea usilifiche."

Siku hiyo hata ndoo ya maji Chiriku aliibeba kwa madaha.