Ufunguo wa Pili

Walimtoa kwenye mashine mchana, wakamlaza sakafuni juu ya magunia matupu, wakamfunika kwa ovaroli mbili kwa kuwa hapakuwa na shuka. Mguu mmoja ulibaki nje. Kiatu chake cha kazi kilikuwa bado kimefungwa kamba vizuri, fundo juu ya fundo.

Inspekta alichuchumaa kando yake. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, asiye na haraka, na kazi hii ilikuwa imemwotesha mvi. Lakini maiti ya mtoto wa watu haizoeleki, asikudanganye mtu. Aliinua macho kwenye mashine, akauliza.

"Mashine gani hii?"

"Ya kuchanganyia chakula cha mifugo, Afande," alijibu konstebo wake, kijana mrefu ambaye kituoni walimwita Ngongoti. "Binti aliingia ndani kukwangua mabaki. Mtu akaiwasha."

"Nani?"

"Mwalimu wake. Yule pale."

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hapo chuoni alifundisha usalama kazini, shambani na karakanani, na kofia ngumu ya njano haikumtoka kichwani. Wanafunzi walimtania kwamba hulala nayo. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Uliwasha wewe?"

"Mimi, Afande. Wageni wa chuo walikuwa zizini, wanakuja huku. Nikataka wakute mashine inazunguka."

"Hukujua kuna mtu ndani?"

"Hakukuwa na kufuli." Alinyoosha kidole ukutani. "Hakukuwa na kufuli kwenye swichi."

Daktari wa polisi alivuta uzi mwekundu uliokuwa shingoni mwa marehemu. Mwisho wa uzi palining'inia ufunguo mdogo.

Hapo Mkuu wa chuo alijisogeza, suti imemkaa, jasho limemkaa zaidi. Ni yeye aliyemweleza Inspekta utaratibu. Kila mwanafunzi alikuwa na kufuli lake jekundu. Kabla ya kuingia kwenye mashine yoyote, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli hilo, ufunguo anabaki nao mwilini. Mashine haiwaki mpaka mwenye kufuli atoke kwa miguu yake.

"Na kufuli likija na funguo mbili?"

"Wa pili unavunjwa kwa nyundo siku ya kwanza, mbele ya darasa zima. Ndiyo mila yetu hapa, Mwalimu ndiye aliyeianzisha. Mwanafunzi anauvunja wake kwa mkono wake, wenzake wanapiga makofi."

"Sasa kufuli la huyu binti liko wapi?"

"Darasani, kwenye msumari wake. Hakulichukua. Alijisahau, Afande, na mwenzake wa kumlinda mlangoni tulimwita akapange viti vya wageni. Inauma, lakini tuseme ukweli, ni uzembe wa mtoto."

"Nani mzembe?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Fundi cherehani, mama wa marehemu. Habari ilimkuta katikati ya mshono, akaja hivyo hivyo.

Alikwenda moja kwa moja kwenye magunia. Aliushika ule mguu uliobaki nje, akaufunika vizuri, akausawazisha kama mtu anayekunja nguo ya mteja. Hakupiga kelele. Alijikaza kisabuni, akasimama.

"Nauliza, nani mzembe?"

"Mama, pole sana..." Mkuu alianza.

"Pole nimepewa tangu getini, nimeshiba. Huyu mtoto alikuwa akifunga mlango, anarudi kuusukuma aone kama umefunga. Mtungi wa maji anaufunika, halafu juu anaweka tofali! Nyumbani tunamcheka. Hapa wenzake wanamwita Bi Kufuli, waulize. Leo ndiyo asahau?"

Alimgeukia Inspekta.

"Mama mwenzangu, mimi sikuja kutaka mtu afungwe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwanangu alifunga au hakufunga? Maana mkimzika na hilo jina la uzembe, mtakuwa mmemuua tena."

"Kazini alikuwaje?"

"Akishika kazi ndiyo basi, dunia hana habari nayo. Hata chakula unamwita, hasikii."

"Kaa hapo nje kwenye benchi, mama. Nitakuja kukujibu mimi mwenyewe."

Inspekta alikwenda kwenye swichi. Chumba cha pili kilikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Kilikuwa kimenguruma asubuhi nzima, na vumbi la pumba lilikuwa limetanda kila mahali: madirishani, kwenye nyaya, kwenye mabega ya maiti maskini. Mkono wa swichi nao ulikuwa mweupe, isipokuwa pale ulipoguswa na vidole.

"Ngongoti, lete tochi. Unaona nini kwenye hilo tundu?"

Konstebo aliinama, na kwa urefu wake hiyo ilikuwa safari. "Tundu la kupitishia kufuli, Afande. Limezungukwa na vumbi... hapana. Pembeni yake hakuna vumbi. Kuna alama safi, imepinda."

"Imepinda kama nini?"

"Kama... kama chuma cha kufuli."

"Piga picha. Karibu, halafu karibu zaidi."

Vumbi halina undugu na mtu. Liliangukia kila kitu kilichokuwapo asubuhi ile, na hapo lilikuta kitu kinaning'inia. Kitu hicho kiliondolewa baadaye.

Darasani palikuwa na ubao wenye misumari, na juu ya kila msumari kijikaratasi chenye jina. Makufuli mekundu yalitundikwa kwa safu. Inspekta alivaa glovu, akalishika la Bi Kufuli, akaliweka juu ya karatasi nyeupe na kuligonga mara moja kwa kalamu. Unga ukamwagika.

Aligonga la jirani. Hakuna. Akagonga lingine. Hakuna.

"Haya yote yamelala hapa, masafi," alisema. "Hili peke yake lilikwenda kazini likarudi. Na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa mtu aliye ndani ya mashine. Lilirudije?"

"Labda lilikatwa?"

"Limekatwa wapi? Litazame. Ni zima kabisa."

Ngongoti alilitazama. "Tena hili ni jipya kuliko mengine, Afande."

Waliitwa wanafunzi wawili watatu. Ni yule aliyetolewa kwenda kupanga viti ndiye aliyejua. Macho yake yalikuwa yamevimba hata hayafunguki vizuri.

"Mwaka jana alipoteza ufunguo. Kufuli likakatwa kwa msumeno, kazi ikasimama, watu wakamcheka. Bi Kufuli mzima kupoteza ufunguo! Alilia sana. Mwalimu akampa jipya."

"Ufunguo wa pili wa hilo jipya, nani aliuvunja?"

Msichana alifikiri. "Mimi sikuona ukivunjwa. Hatukuwa darasani siku hiyo."

"Wewe ulimwacha mashineni akiwa anafanya nini?"

"Nilimwacha anafunga. Nilimwambia Mkuu hivyo, akaniambia nimechanganyikiwa kwa majonzi, ninyamaze." Alianza kulia upya. "Nisingekwenda kwenye viti. Ningebaki pale mlangoni."

Inspekta alimshika bega, akamwambia aende kwa wenzake. Halafu akamwita Mwalimu.

Walikaa wawili darasani, Ngongoti akiandika pembeni. Inspekta alimpa onyo la kisheria, kwamba hakulazimika kusema lolote na kwamba alilosema lingeweza kutolewa mahakamani. Kisha akaliweka lile kufuli mezani.

"Nifundishe, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa siku ya kwanza."

"Afande, tafadhali."

"Nifundishe."

Mwalimu alivuta pumzi. Somo lilimtoka lenyewe, alikuwa amelisema nusu ya umri wake. "Unazima. Unafunga. Ufunguo unakaa nao. Unajaribu kuwasha, uhakikishe haiwaki. Ndipo unaingia."

"Nikikuta kufuli la mwenzangu kwenye swichi?"

"Huligusi."

"Nikiwa na haraka?"

"Huligusi."

"Nikidhani amelisahau?"

Mwalimu alilitazama kufuli. "Unamtafuta mpaka umwone kwa macho. Usipomwona kwa macho, huligusi."

"Na ufunguo wa pili?"

Nje kuku walikuwa wakiparua majani makavu.

"Na ufunguo wa pili, Mwalimu?"

"Tunauvunja."

"Wa huyu binti uko wapi?"

Mwalimu alivua kofia yake ya njano, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kichwa chake kilikuwa cha mzee. Ndani ya kofia, nyuma ya mkanda, alichomoa ufunguo mdogo. Akauweka mezani kando ya kufuli.

"Nilimwonea huruma," alisema. "Alilia mbele yangu kama mtoto mdogo. Nikamwambia, mwanangu, huu wa pili nikutunzie, usije ukapata aibu nyingine. Alikataa, Afande! Alisema, 'Mwalimu, si umesema tuvunje?' Nikamwambia, wewe niachie mimi."

"Leo?"

"Leo wageni wanakuja, Mkuu ananipigia simu, mashine imefungwa. Naona kufuli lake. Nikasema, lo, huyu mtoto amekwenda kusaidia viti, amelisahau. Wageni watakuta mashine imekufa, watauliza kufuli la nani, atachekwa tena. Nikafungua nimsitiri."

"Ulimwita?"

"Niliita. Kinu kilikuwa kinanguruma. Sikusikia jibu."

"Ukawasha."

"Nikawasha." Alijifunika uso. "Nikasikia, Afande. Nikazima pale pale, lakini nilikuwa nimeshasikia."

Ngongoti aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Kwa nini ulilirudisha msumarini?"

"Nilijidanganya kwamba nalinda somo. Nikasema, wakijua ni mimi, nani ataliamini kufuli tena? Wataanza kuingia mashineni hivi hivi." Alitikisa kichwa. "Uongo huo. Niliogopa, basi. Kufuli lilikuwa mkononi mwangu, watu wanakuja mbio, nikaliingiza mfukoni, baadaye nikaenda kulitundika msumarini. Marehemu hasemi. Nikamwachia yeye kosa langu."

"Alikuwa mwanafunzi wako bora."

"Alikuwa ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza."

Alitia sahihi maelezo yake. Ngongoti alichomoa pingu, lakini Mwalimu akainua mkono.

"Afande, yule mama. Niache nimwambie mwenyewe."

Kisheria lilikuwa na walakini, na Inspekta alilijua hilo. Alifungua mlango.

Mama alikuwa pale pale kwenye benchi, mikono mapajani. Jua lilikuwa limeshuka, wanafunzi wamekusanyika uani makundi makundi, Mkuu naye amesimama kati yao. Mwalimu alikwenda mpaka mbele ya mama, akapiga magoti kwenye vumbi, kichwa wazi.

"Alifunga," alisema kwa sauti iliyosikika uani kote. "Mwanao alifunga, mama. Nilifungua mimi. Ufunguo wa pili nilikuwa nao mimi."

Mama alifumba macho. Inspekta aliona mabega yake yakishuka, kama aliyetua mzigo ili ajitwishe mwingine.

"Alifunga," alirudia mama.

"Alifunga."

"Mmesikia?" Aliwageukia wanafunzi, akamkazia macho Mkuu. "Mwanangu alifunga!"

Mkuu aliinamisha kichwa. Ndipo machozi ya mama yakaja, yote aliyokuwa ameyazuia, na yule msichana wa viti akakimbia kumshika. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akafuta uso kwa ncha ya ile futi yake, akamtazama mtu aliyepiga magoti mbele yake.

"Hukumwita, Mwalimu?"

"Nilimwita, mama. Nilimwita mara moja."

Mama alitikisa kichwa polepole. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na bora ingekuwapo.

"Ungerudia," alisema. "Mtoto yule alikuwa haitiki mara ya kwanza. Mimi mwenyewe, mama yake, nilikuwa namwita mara mbili."