Apewe Akiomba

Sindano ilikuwa tayari mkononi mwake!

Jamani wasomaji... Saa tano asubuhi, mlango umefungwa, chupa ya mofini iko wazi mezani. Na aliyemwinamia mgonjwa wangu ni Sista, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja!

"Weka chini!" nilinguruma.

"Siweki, Dokta."

Mgonjwa huyo aliwahi kuwa kiranja wangu wa bweni, na hadi leo namwita Kiranja. Saratani ilikuwa imeingia mifupani. Siku tatu mfululizo alinitaka nimsaidie afe. Siku tatu nilikataa.

Katika chumba cha chai wenzangu waligawanyika. Mmoja alisema mwili ni wa mgonjwa, uamuzi ni wake. Mwingine akasema koti jeupe si sanda. Sista peke yake alikoroga chai, kimya.

Sasa nilidhani nimeielewa maana ya kimya kile!

"Unataka kumuua?"

"Ningetaka kuua, ningeanza na wewe."

Akamchoma taratibu, mbele ya macho yangu, kisha akanitupia faili.

"Soma mwandiko wako."

Nikasoma: *Mofini ya maumivu, apewe akiomba.*

"Ameomba mara ngapi?"

Nikafunua kurasa za siku tisa. Hakuomba hata mara moja...

"Lakini hakulalamika!"

"Anatafuna shuka, Dokta! Leo nimemwambia, nataka kukuchoma ya maumivu, ukikataa sema. Akanyamaza."

Nikakumbuka bweni. Katika shule yetu, mwanamume haombi. Aliyeomba kuongezewa chakula alisimamishwa juu ya benchi hadi kengele ilie. Nilisimama pale mara mbili.

Aliyenisimamisha ni Kiranja!

Nami, niliyemjua kuliko wote, nikamwandikia dawa ya kuomba.

Alipotulia nilimuuliza, "Dawa ilikushinda kuomba, kifo ukakiweza?"

"Sikukuomba, bwana mdogo. Nilikuamuru."

Sista akaangua kicheko.

"Na bado unaamuru?" nikamuuliza.

"Bado. Ila si leo. Jioni kuna mpira, nisogezee redio."

Nikaichukua kalamu. *Kila baada ya saa nne, aombe asiombe.* Nikatia saini.

Mkuu wa idara alipotaka Sista aadhibiwe kwa kutoa dawa isiyoombwa, nilisimama mbele ya wote.

"Mwenye kosa ni mimi. Atakayemgusa huyu, aanze na mimi!"

Hakuna aliyeanza.

Kiranja bado ananiamuru, siku za maumivu na siku za nafuu. Ile amri ya kumsaidia afe nimeikataa, na nitaikataa mbele ya yeyote. Lakini wewe tabibu unayejisifu kwamba mikono yako ni safi, kama nilivyojisifu mimi siku tisa nzima huku mtu akitafuna shuka... fungua faili kwanza. Soma ulichoandika.